Uzito wa Lehemu

Kona ya kushoto linapita kama maji.
Kona ya kulia linakohoa,
linatema moshi mweusi, linazima.
"Hivyo tu, Fundi Mwikali," alisema Harjeet,
asubuhi ya Jumanne, Kirinyaga Road,
karakana yetu ingali inafagiwa.

Datsun ya babake. Sabini na mbili.
Namba ya mashindano mlangoni imepauka,
na tope la Taita, anaapa, lingali chini ya mkeka;
haruhusiwi mtu kulipangusa.
Jumamosi magari ya kale yanashindana. Basi fanya haraka.

Nilianza na washukiwa wa kila siku.
Pampu: nzima.
Chujio: safi kuliko dhamiri yangu.
Sindano na kiti chake nikavipuliza kwa mdomo,
nikaonja petroli, nikatema, nikapuliza tena.
Inafunga.
Plagi tatu za mbele, rangi ya biskuti.
Tatu za nyuma, nyeusi, zimelowa.
Kabureta ni pacha; mgonjwa ni wa nyuma.

Hewa ya Nairobi nyembamba,
gari lililoshiba Mombasa huku huvimbiwa:
wanagenzi wangu wakasema ni hilo.
Nikasema, hewa haichagui kona.

Nikafungua bakuli.
Boya likaning'inia kwenye bawaba yake.
Nikalitoa, nikalitikisa sikioni:
ukisikia chubwi, limetoboka, limekunywa.
Kimya.
Nikalizamisha katika maji moto ya chai ya Kerubo
(sufuria nimeilipa, maneno yake bado)
nikangojea povu.
Hata tone la hewa.

Zima, na bado linazama.

Ndipo nikaona kovu upande wa chini:
lehemu ya kijivu, nene,
imemwagwa kwa pupa, ikakwanguliwa kwa kisu.
Harjeet akainama.
"Hiyo ni ya baba.
Usiku, Mtito au Voi, kila arusi ilibadilika,
ila tochi ilikuwa mdomoni siku zote.
Alimaliza wa kumi na tisa."

Sonara wa Biashara Street alituazima mizani.
Boya la mbele, gramu ishirini na tatu.
La nyuma, ishirini na saba.

Gramu nne za baba.
Boya zito hukaa chini, huchelewa kufunga mlango;
petroli inapanda, na ukikata kulia
inafurika kooni.
Kiraka kiliziba tundu, kikawa mzigo.
Miaka hii yote hakuna aliyejua,
maana gari halikukimbizwa. Lilioshwa tu.

"Nikiyeyusha, haitabaki," nikamwambia.
Akatoka, akasimama kwa muuza vioo vya magari,
nyuso zake ishirini zikitazama kila upande
isipokuwa kwangu.
Aliporudi: "Acha kidogo."

Kidogo ndiyo gramu ngapi?
Nikashika chuma cha moto.
Ile ya zamani ikang'aa ghafla, ikalainika,
ikatiririka kama haijawahi kuwa ngumu,
nikaifuta kwa kitambaa,
nikabakiza utando, ukucha wa mtoto mchanga,
tundu lisipate kisingizio.
Mizani: ishirini na tatu na robo.
Robo hiyo sikuigusa.

Kimo nilikipima kwa kipande cha waya
nilichoachiwa na Osewe aliyenifunza,
ambaye hakuwahi kuniambia ni milimita ngapi.

Jioni tukapanda kuelekea Ngong.
Kona ya kulia ya kwanza, Harjeet akabana pumzi.
Ya pili, sikumsikia.
Ya tatu akakanyaga mafuta
na zile plagi za nyuma zikaimba na za mbele,
sauti moja, sita sawasawa,
mbuzi wa watu wakatawanyika kando ya barabara.

Nilitaka acheke.
Aliegesha, akazima, akakaa.
Akavuta hewa puani, mara mbili,
kama mtu aliyeingia nyumba aijuayo
akakuta imepakwa rangi.

"Halinuki tena," akasema.