Washa Tatu

Boksi lilitoka Ohayo, likafika Älvsbyn
limebonyea pembe moja.
Ndani, kwenye karatasi ya mafuta, bamba:
jembamba, duara, meno mia sitini na sita ukingoni,
linang'aa kama sufuria isiyojua moshi.

La zamani liko ukutani, nimelitundika kwa msumari.
Mwezi mzima liligonga ko, ko, ko,
na Sixten, shemeji yangu, akatoa hukumu:
Injini imekwisha, Gunvor. Andaa pesa au andaa kaburi.
Nikaingia uvunguni, tochi mdomoni,
nikauona ufa mwembamba kuliko unywele
unayazunguka matundu ya bolti
kama mtu anayetafuta mlango gizani.
Injini nzima. Kilicholia ni kiungo.

Leo nje ni ishirini na mbili chini ya sifuri.
Banda hili lilikuwa zizi; hita ikipata moto
kuta bado hutoa harufu ya maziwa.
Pontiaki imesimama juu ya stendi nne, tumbo wazi.

Bamba likakaa kwenye kranki bila ubishi.
Bolti sita, tone la gundi kila moja,
nikazikaza kwa kuvuka, juu kisha chini,
spana ikisema tik, nami nikiiamini.

Kisha giaboksi: jeki, mikanda,
matusi ya Kiswidi ambayo yasitafsiriwe.
Ikasogea, ikasogea, ikagoma
upana wa kidole kabla ya kuigusa injini.

"Kaza bolti," Sixten akasema. "Zitaivuta zenyewe."

Mwaka wa tisini na nne tulizikaza,
yeye, mimi, na Evert kaka yake.
Zikavuta kweli. Zikavuta hadi pampu ikapasuka,
tukajua njiani kuelekea Piteå,
oili nyekundu juu ya theluji
na Evert akicheka mpaka akakaa chini.

"Asiyepima huvunjika pampu," nikamjibu.
Akairudisha jeki nyuma, kimya.

Nikaikumbatia konveta, imeshiba oili, inanizidi kifua.
Nikaizungusha, nikaisukuma, nikaizungusha.
Ko. Nikadhani basi.
Ko. Si basi.
La tatu linataka subira ya mtu
anayefungua kufuli kwa ufunguo wa kuazima:
kushoto kidogo, inua kidogo, usipumue
ko
ikazama kina cha ukucha,
na safari hii giaboksi ikaja kwa kusukumwa na kiganja.

Sasa kati ya konveta na bamba kuna mwanya,
na kazi yote imo humo.
Ukikosekana, pampu inasagwa.
Ukizidi, bolti zinalipinda bamba kila mzunguko
hadi lifuate lenzake msumarini.
Kitabu kinataka milimita tatu, zisizidi tano.
Nikapima: sita.
Yule fundi wa Ohayo hakuijua Pontiaki yangu;
alichonga kwa ajili ya yeyote.

"Washa," nikasema, mkono nimenyoosha.
Sixten akakimbilia ufunguo wa gari.
"Si hiyo! Washa! Yenye tundu!"
Akasimama katikati ya banda, ufunguo mkononi,
halafu bega lake likaanza kutikisika,
na langu, huko chini, likagonga bomba la moshi.
Tangu Machi, tangu mazishi,
humu ndani hapakuwa na sauti ya namna hiyo.

Washa tatu, unene mbili na nusu.
Zikabaki tatu na nusu za hewa.
Bolti zikaingia kwa vidole, zikamalizwa kwa spana.

Nikatambaa nje, nikajifuta kwa fulana ya Evert.
"Sasa, ile washa nyingine."

Stata ikauma meno mapya. Injini ikakohoa, ikatulia.
Sixten akaweka kiganja kwenye bodi, kichwa upande,
akiitafuta ile ko,
kama mtu aliyezoea kugombezwa kila asubuhi.
Akasikiliza muda mrefu. Nilimwacha.
Kisha macho yakaanza kuniwasha, nikaona buluu hewani.

"Fungua mlango, Sixten," nikamwambia,
"kabla hatujamfuata kaka yako."