Namba Elfu Moja na Moja

Umeme Katumba ulikatika Jumatatu.
Alhamisi, bado.
Nikaifunga diski kwenye kitenge,
juu ya kitenge nailoni, juu ya nailoni koti,
maana mvua ya Rungwe haiulizi umebeba nini,
nikaenda Tukuyu mjini kwa Gwamaka,
mwenye jenereta na mashine ya kudurufu
na kompyuta ya Linux aliyoifufua mwenyewe
kutoka kwenye vyuma chakavu vya halmashauri.

Diski aliniachia mpangaji badala ya kodi ya miezi miwili.
Ndani: filamu za ngumi, mahubiri matatu,
harusi ya watu nisiowajua.
"Niifomati?" Gwamaka akauliza.
"Ukisema ndiyo, hakuna kurudi."
Nikasema ndiyo.

Akatazama mara mbili. Hii ni sda, ile ni sdb;
herufi moja ikiteleza, anafuta duka lake.
Akabana pumzi
kama mtu anayemchoma sindano mtoto wa jirani,
akabonyeza.

Sekunde nne.
Nami nilidhani kufuta kungenguruma, kungenuka.
Bibi harusi na shela lake
walikwisha kabla jenereta halijakohoa.

"Hatujachoma kitu," alisema.
"Tumechana ukurasa wa yaliyomo.
Maneno yamo bado, ila hakuna wa kuyaita."
Akaniuliza diski iitwe nani.
Nikamwambia: MVUA.

*

Jumamosi taa ziliwaka. Nikachomeka.
MVUA ikatokea kwenye kioo, nyeupe, tupu, yangu.
Nikaburuta picha ya kwanza.
Ruhusa imekataliwa.
Nikaburuta tena, taratibu, kwa adabu.
Ruhusa imekataliwa.

Nikampigia Gwamaka nikifoka.
Akacheka mpaka nikamsikia akivuta kiti.
"Diski hiyo haijui majina, dada Subilaga.
Inajua namba.
Kwangu namba elfu moja ni Tupokigwe,
mke wangu, maana fedha ya kompyuta ilikuwa yake.
Mimi ni elfu moja na moja.
Nimeifomati mimi, basi inanisubiri mimi."

Kweli, niliposoma mahali pa mwenye mali,
palikuwa na tarakimu nne tu, 1001,
mtu asiye na jina nyumbani kwangu,
amekalia kiti changu, amekunja mikono.

Akanitajia amri, herufi kwa herufi,
na nafasi kati ya maneno, "usiisahau nafasi."
Nikaiandika nyuma ya risiti ya mbolea.
Nikaandika nywila. Nikabonyeza.
Mgeni akanyanyuka bila kuaga.

*

Picha elfu mbili mia tatu na kumi na nne.
Zilipita usiku kucha, moja moja.

Ni madaftari ya baba. Kila saa tatu asubuhi
alikwenda kwenye kipimo cha mvua kule shamba la chai,
akainama, akasoma milimita, akaandika.
Miaka ishirini na saba.
Alipostaafu, meneja mpya aliyafungua,
akaona mistari, vinukta, vifupisho vya Kinyakyusa,
akasema haya hayana kitu,
na mpishi akawashia jiko.
Kumi na tisa niliyaokoa kapuni, karibu na kuni.

*

Jumapili, nikiwa kanisani,
Lusajo akachomeka MVUA kwenye kompyuta yake ya Windows.
Nilimkuta mlangoni, kidole hewani:
"Mama mdogo, diski yako haina kitu.
Inaniomba niifomati. Nikubali?"

Sikumpiga. Nilimshika mkono tu,
nikaushika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
"Kompyuta yako," nilisema, "haijui kusoma humu.
Asiyejua kusoma ndiye huona karatasi tupu."

Nikaichomoa, nikaichomeka kwangu,
nikamfungulia picha yoyote iliyokuja.
Wino umechuruzika pembeni. Mwandiko umelala kulia.

Aprili 14. Mm 127. Kipimo kilijaa hadi kikamwaga.
Iliyobaki nimepima kwa kikombe cha chai.