Notisi kwa Marubani

Tangu Jumanne mtambo wangu unasema uongo,
tena kwa sauti ya mtu mstaarabu.
Haukohoi. Hauwashi taa nyekundu.
Unampa rubani nyuzi mia na ishirini
hali yeye yuko mia na ishirini na nne,
na huko juu nyuzi nne,
nyembamba kuliko za kushonea,
ndizo zinazotenga lami na jiwe.

Mimi Malimi, fundi wa kibanda cheupe
nyuma ya uzio, upande wa Igombe,
nimebadili fyuzi, nimekwangua kutu,
nimemfukuza mjusi wa kichwa chekundu, kiuno cha samawati,
aliyekuwa akipiga pushapu juu ya betri
kama bosi wa zamu.
Nimeandika Dar barua tatu za vipuri.
Jibu: suala lako linafanyiwa kazi.

Ndipo nikatoa notisi kwa marubani:
MTAMBO WA MWANZA HAUAMINIKI. USITUMIKE.
Si rahisi kuandika hivyo juu ya kitu
ulichokipangusa vumbi miaka kumi na tisa.
Ni kama kusimama mbele ya watu
ukamtangaza mwanao wa kumzaa kuwa mwizi.

Alhamisi ikaja ile ya saa tatu usiku,
watu sitini na wanane,
na mvua inatoka Ukerewe imejifunika gubigubi.
Lilikuwa giza la mwezi, wavuvi wa dagaa wametanda,
taa zao zimemwagika ziwani kote
hata ukiwa juu hujui
mji ni upi, maji ni yapi.

Mnarani alikuwa Nyanjige.
Nilisimama nyuma ya kiti chake, kinyume cha taratibu,
nikamsikia Kapteni Rweyongeza akiuliza,
polepole, kama anayeuliza bei ya sato:
"Mwanza, notisi yenu nimeisoma,
lakini sindano imetulia vizuri. Niifuate?"

Imetulia!
Moyo ukanirukaruka kwa fahari,
kisha nikaionea haya fahari yenyewe.
Labda umepona. Labda ile fyuzi...
Nyanjige kanigeukia, kidole juu ya swichi.
"Mwambie asiifuate," nikasema.
"Mwambie ni fundi mwenyewe anayesema."

Njia ya mwongo fupi, husema watu.
Ya mwongo wangu ilikuwa maili arobaini
na mwisho wake mawe yaliyopakatana.

Akabaki juu ya maji, akizunguka,
akisubiri mvua iende zake Sengerema.
Nyanjige akapandisha taa za barabara hadi mwisho.
Dakika kumi na nne hakuna aliyesema kitu
isipokuwa jenereta.

"Naona taa."
Kisha: "Hapana. Ni dagaa."

Wadudu wa ziwani walikuwa wamejaa kiooni,
Nyanjige anawafuta kwa kiganja, wanarudi.

"Naona tena. Mbili mbili, zimenyooka."
"Hizo ni zetu," akasema Nyanjige.
"Wavuvi hawapangi mstari."

Matairi yakagusa lami yenye maji
kwa sauti ya kanga mpya ikichanwa katikati.

Walishuka. Mmoja kabeba boksi la keki,
limebonyea pembeni. Mtoto kalala begani.
Mama mmoja, hasira hadi kwenye viatu:
"Mmetuzungusha nusu saa bure!"
Nilikuwa pale karibu na ngazi, koti limelowa.
Nikamshikia mwavuli. Sikumjibu.

Asubuhi nikafungua kibanda.
Mjusi alikwisha rudi kazini.
Nikapima: mia na ishirini kamili,
sindano haitetemi hata kwa pumzi yangu.
Nikapima tena baada ya chai. Kamili.

Ni ukweli huu, au ni adabu tu?
Nikaandika kitabuni: chanzo hakijulikani.
Nikafunga mlango taratibu, kama wa chumba cha mgonjwa,
na notisi sikuifuta.