Mlima Usiwekwe Mwisho

Mwaka jana niliwapa siku tatu za lami:
Mtwara hadi Lindi, Lindi hadi Ndanda,
Ndanda hadi Masasi kwa kuzungukazunguka,
na mpando wa Newala nikauhifadhi mwisho
kama mtu anayeficha mnofu chini ya ugali.
Wakaja wote wanajua mnofu uko wapi.
Siku tatu walisafiri kama msafara wa harusi,
bega kwa bega, wakipokezana chupa.
Mingoyo walipiga soga. Nyangao walisinzia.
Mtangazaji wa redio aliishiwa maneno
akaanza kutusomea bei ya korosho.
Siku ya nne, dakika kumi na moja za vita,
kisha kombe, kisha pilau.

Watu wakasema: waendeshaji wavivu.
Mimi niliyeshika penseli nilimjua mvivu ni nani.

Baba yangu, Fulgensi Nandonde, hakuwahi kushindana na mtu.
Alichota maji bondeni akayapandisha Newala,
madumu manne, baiskeli ya chuma, breki ya kandambili,
miaka kumi na tisa kabla ya bomba,
na bomba lenyewe lilipofika lilikuja likikohoa.
"Ukali haumwangushi mtu," aliniambia,
"kwenye ukali kila mtu amejikaza.
Ni pale panapolala kidogo, baada ya kona ya tatu,
miguu ikidhani imefika.
Hapo ndipo nilipokuwa nawaacha wenzangu."
Huyo ndiye ambaye hakuwahi kushindana.

Basi mwaka huu nikafuta.
Newala nikaivuta hadi siku ya pili,
na kileleni sikuweka utepe wala jukwaa.
Nikaacha njia iendelee, tambarare, hadi Tandahimba,
upepo ukiwapiga ubavuni,
na katikati yake nikachomeka uchochoro wa mchanga mwekundu
kati ya mikorosho, mwembamba
hata baiskeli tatu hazipiti sambamba:
anayetaka kupita aamue mapema,
na anayeamua mapema ajutie mwenyewe.

Bwana Chipila, mwenyekiti, akagonga meza.
"Mgeni rasmi atakaa wapi? Juu ya mkorosho?"
Nikamwambia mkeka upo.
Siku ya tatu nayo niliikata, ikabaki kilomita sitini na mbili.
"Watu watasema tumewapunja!"
Nikasema njia fupi haina pa kujificha.
Hakunielewa. Alisaini kwa kuwa chai ilikuwa inapoa.

Siku yenyewe sikupanda gari la wakubwa.
Nilisimama baada ya kona ya tatu na kibendera chekundu,
kazi yangu kuwafukuza mbuzi.
Wakaja wamekunjamana, midomo wazi, chumvi imekauka mabegani.
Ukali ukaisha. Wakakaa kwenye viti vyao.
Mikono ikashuka kutafuta maji,
pumzi moja tu, pumzi ya halali,
na namba thelathini na nane, Dadi Mkwanga wa Nachingwea,
mtoto wa fundi cherehani, miguu kama vijiti vya mhogo,
hakunywa.
Alisimama juu ya pedali
hapo hapo, kwenye jiwe ambalo baba alikuwa akilitemea mate kila apitapo.
Sikumfundisha mimi. Sijawahi kuongea naye.

Kisha vumbi. Kisha wenzake, wakitazamana:
wewe mfuate, aa, wewe.
Kisha mbuzi wakarudi barabarani
na mimi sikuona kitu tena.

Redio ikasema ametangulia dakika moja na nusu.
Ikasema upepo. Ikasema sekunde hamsini.
Ikasema amezama mchangani, anasukuma kwa miguu,
hapana, ni mwingine huyo, samahani wasikilizaji,
hapana, ni yeye,
na mtangazaji hakukumbuka korosho hata mara moja.
Mafundi baiskeli walitoka na spana mkononi.
Wanafunzi walikaa juu ya ukuta, mwalimu naye akapanda.
Sekunde ishirini. Kumi na nne. Betri ikafa.

Kwa robo saa nzima
Newala hapakuwa na mtu aliyejua.

Alishinda au alikamatwa, gazeti liliandika, katafuteni.
Mimi ninachokumbuka ni Bi Somoe wa mihogo,
aliyesimama ameshika kijiko akiitazama redio iliyokufa
hadi karai zima likawa mkaa.
Akanigeukia, mimi na kibendera changu:
"Wewe si ndiye uliyechora huu upuuzi?"
Akanidai elfu nne.
Nililipa elfu tano, sikungoja chenji.