Poda ya Kumudini

"Usinirudishe ujanani," aliniambia.
"Nipake tu nisionekane nimechoka."

Saluni yangu iko Ruwi, juu ya duka la vipuri vya magari.
Kiyoyozi kinadondosha maji ndooni, to, to,
na Kumudini Rajwade amekalia kiti
alichokikalia asubuhi bi harusi wa Sohar.
Saa kumi na moja atakata utepe Mutrah, duka la dhahabu.
Wamemlipia tikiti na hoteli,
wamemwazima mkufu,
na kijana aliyeuleta habanduki ngazini:
kila nikifungua mlango hamtazami yeye,
anautazama mkufu.

Mimi nilimjua kabla sijazaliwa.
Mama yangu, Thuwaiba binti Nassor,
alimwona Unguja, onyesho la wanawake, Jumapili alasiri,
mara kumi na moja filamu ileile.
Jina lake hakulishika. Aliiita Ile ya Kisima.
Kihindi chote alichokijua alikitoa mle,
na tulipohamia huku, siku ya kwanza sokoni,
kumwomba Mgujarati apunguze bei ya vitunguu
alimwambia: Usiniache, nitakufa.
Akapunguziwa baisa hamsini.

Nazungumza naye kwa Kihindi hichohicho cha urithi.
Nikitaka afumbe macho, namwambia kama ninayemuaga stesheni.
Anacheka, kope zinatikisika,
wanja unaharibika, tunaanza upya.

"Miaka kumi na minne nilikuwa mchumba," anasema,
"nakimbizwa mauani, nateleza, nadakwa.
Halafu wakaniletea sari nyeupe.
Aliyekuwa mume wangu masika yale
akawa mwanangu kabla ya mwaka kwisha.
Kanizidi miaka sita!
Zake nywele wakazipaka rangi nyeusi,
zangu wakazipaka unga.
Tangu hapo nimekufa mara thelathini na kitu.
Kifua kikuu, mafuriko, risasi ya mwanangu mwingine.
Kufa kunalipa. Unalala,
wenzio ndio wanaofanya kazi."

Nikamuuliza Ile ya Kisima.
Alitafuta. Nilimwona anatafuta kweli,
kama mtu apekuaye mkoba usio wake.
"Kisima kilikuwa cha mbao," akasema.
"Ndani walitandika magodoro, paka akazaa juu yake.
Malipo ya pili sikupata.
Hadithi yenyewe… ilikwishaje?"

Basi nikamsimulia filamu yake,
brashi mkononi, mwanzo hadi kamba inapokatika.
Alisikiliza mdomo wazi kidogo.
Mahali pa kulia, akalia.
Poda ya riyali tatu ikaenda na maji.

Sikukusudia kumwambia hili lingine:
cheti changu kinasema Raya, maana baba alikataa katakata,
lakini nyumbani niliitwa Kumudini
mpaka siku mama alipofia hospitali ya Khaula.
Baada ya hapo hakuna aniitaye.

Akanitazama kwenye kioo, si usoni.
"Jina hilo alinipa mtayarishaji," akasema.
"Aliliona kwenye kopo la mafuta ya nywele.
Mama yangu aliniita Shevanti.
Kumbe mwenye jina ni wewe."

Kijana akapiga hodi: bibi, utepe.
Nikamfunga mkufu. Shingo ilikuwa ya baridi,
ngozi nyepesi kama karatasi ya sigara.
Alisimama, akavuta pumzi,
na alichokifanya sikukiona, nami nilikuwa palepale:
mgongo ukanyooka,
miaka ikashuka ngazi kabla yake.

Alilipa riyali ishirini, akaomba risiti.
"Niandike jina gani?"
Akafikiri muda mrefu kuliko swali.
"Andika mteja."