Herufi Moja

Herufi moja imenigawa watu wawili.
Dismas Chinguile alizaliwa Newala, cheti kinasema.
Dismas Chingwile alifaulu kidato cha nne.
Na mfumo wa ajira, usio na shemeji wala aibu,
umeandika kwa rangi nyekundu: Taarifa hazilingani.

Basi nimekwenda kula kiapo.
Ofisi ya wakili iko Chikongola, juu ya duka la mabati,
ngazi zina vumbi la saruji na harufu ya sambusa.
"Unaapa kwamba wewe na yule ni mtu mmoja?"
Naapa.
"Elfu ishirini."
Tungekuwa wawili kweli, tungechangia.

Baba aliuza korosho za misimu mitatu
nikapata leseni ya uuguzi na viatu vyeupe.
Msimu wa kwanza ghala lilichelewa kulipa,
chuoni nikanywa uji wa chumvi.
Msimu wa pili salfa ilimkaa kifuani.
Nilimsikiliza kwa stetoskopu ya kuazima,
usiku, ameketi kitandani, mgongo wazi,
mapafu yakilia kama mlango wa ghala.
"Unasikia nini humo?"
Nasikia korosho, baba.
Akacheka mpaka akakohoa.

Mjini bahasha yangu ya kaki imelainika pembe.
Hospitali kubwa: nafasi zinatoka Dodoma.
Zahanati ya misheni: wodi ya wazazi, tunataka wa kike.
Kliniki moja Shangani: acha namba, tutakupigia.
(Simu yangu naichaji hata ikiwa imejaa.)
Duka la dawa Magomeni, mwenyewe akanitazama vidole,
makovu ya mafuta ya maganda, tangu utotoni,
akasema, wewe mkulima.
Sikubisha.
Vidole hivi vilibangua kabla havijashika kalamu.
Vinajua ganda hupasukia wapi,
na mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji
hujificha wapi.
Kwenye wasifu hakuna kisanduku cha kujaza hilo.

Kwa hiyo najitolea.
Neno zuri, kujitolea:
unajitoa, na hakuna anayekuchukua.
Mwezi wa nane huu, wodi ya watoto.
Dada yangu Somoe, muuza mihogo ya kukaanga,
ananipa nauli ikiwa imefungwa kwenye gazeti lenye mafuta,
nami humrudishia habari: leo tumeruhusu watatu.
Sista Benadeta Nandonde, mkuu wa wodi,
hunigawia nusu ya chai yake
na lawama zote nzima nzima.
"Subiri orodha," husema.
Orodha hapa inasemwa kama mvua:
inakuja, imechelewa,
mwenzetu mmoja anasema imeshanyesha Lindi.

Jana usiku umeme ulikatika.
Mji wa gesi, na jenereta ikakohoa kama baba,
ikanyamaza.
Nilikuwa nahesabu matone ya dripu kwa tochi ya simu,
kiapo kimekunjwa mfukoni, muhuri ukinichafua kitambaa,
kumi na saba, kumi na nane,
mama wa kitanda cha sita,
asiyenijua kwa u wala kwa w,
akaita gizani:
"Nesi!"

Nikaitika
kabla sijakumbuka kwamba sijaajiriwa.

Mtoto alikuwa ametapika tu.
Tukabadilisha shuka, mama akashika tochi,
nikamwosha mdomo, nikamgeuzia ubavu,
nikarudi kwenye dripu.
Hesabu ilikuwa imenipotea.
Nikaanza upya: moja.