Ukanda Tu

(Pumwani, Nairobi)

Nakaa hapa Pumwani, meza yangu yayumbika,
Lenzi moja ya jichoni, na koleo la kushika;
Saa zote za mjini kwangu mimi hufunguka,
Na ya watu ya moyoni bila funguo hutoka.

Kuna bwana wa mitumba, saa kaivuta mbele
Kwa dakika kumi, kwamba asichelewe milele;
Lakini moyo huimba, "Bado zimo kumi zile,"
Hufika huko Gikomba, kachelewa vilevile.

Nami nimcheke nini? Nami nina kumi zangu,
Nilizoweka pembeni za kusema neno langu
Kwa Mbithe wa dirishani, apozaye uji wangu;
Miaka saba mezani, likaniota ukungu.

Akaolewa Julai na Kilonzo wa bohari.
Sikulaumu, sidai: hakukosa, sikukiri.
Nikanywa soda na chai, nikatunga na shairi;
Beti zangu, sikatai, nikamwazima mahari.

Juzi mvua ikishuka, kaja, leso kajitanda,
Mezani pangu kaweka saa isiyo ukanda,
Ya Kilonzo, imechoka tangu siku alokwenda:
Saa tano na dakika saba, mishale kuganda.

Nikashika bisibisi niipe uhai tena.
Akasema, "Basi, basi! Nataka ukanda, bwana.
Zinazokwenda, Idrisi, ukutani zagombana.
Hii iache; nahisi yupo, tunatazamana."

Nikautia wa ngozi, tundu nikaliongeza,
Mkono wake mjuzi umekonda kwa kuuza.
Nilitaka, bila pozi, lile neno kumweleza;
Ulimi kawa mzizi. "Ni bure," nikajikaza.

Kaniachia na uji, kifuniko kaking'oa.
Barabarani ni maji, umeme umejitoa.
Sisi watu wakopaji, rehani kesho twatoa!
Nikaunywa, sihitaji kuambiwa umepoa.

Vijana huniuliza, mapenzi yana ishara?
Hudhani nimebakiza hekima ndani ya dira,
Nami nimo kwenye kiza, napapasa mara mara:
Kipini kimeteleza chini, kwa yangu papara.

Kaditama sijafunga, Idrisi bado mezani.
Kesho asubuhi changa, Mbithe kule dirishani,
Neno langu nitapanga upya, litoke kinywani.
"Bado kumi!" naijenga hoja ile ya zamani.